Sumu Haiui, Mkulima Hazuii Njia

Mwezi uliopita wazazi wawili walitufikia na lalamiko linalofanana. Walisema kila Jumamosi watoto wao wakitoka kituo cha vijana wanarudi nyumbani wakigombana, na ugomvi wenyewe wazazi hawauelewi. Mmoja anasema sumu haiui. Mwingine anasema kompyuta inaiba. Wa tatu anaapa kwa jina la bibi yake kwamba mkulima hawezi kumzuia mtu njia. "Haya ni mafundisho gani?" mama mmoja alituuliza. "Sisi tumekimbia vita, halafu watoto wanapewa umeme wa kucheza vita?"

Swali la mama huyo hatukuweza kuliacha lipite. Tulikwenda kituoni, tukakaa nyuma ya vijana Jumamosi tatu mfululizo. Ya nne tulicheza wenyewe, na msichana wa darasa la sita akatuchapa vibaya mbele ya watu. Tunaandika haya tukiwa tumeshapoa.

Mchezo wenyewe

Unaitwa Battle for Wesnoth. Ulianzishwa na David White mwaka 2003, na toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2005. Tangu hapo watu wa nchi mbalimbali wameuendeleza kwa kujitolea. Ni wa bure, na ruhusa yake inakubali mtu amnakilie mwenzake, kwa hiyo kijana anayeuweka kwenye flashi ampelekee rafiki wa zoni nyingine hajaiba kitu. Hauhitaji intaneti. Matoleo yake ya zamani yanakubali hata kwenye kompyuta zilizochoka, zile zinazonguruma kama mashine ya kusaga. Maandishi yake yapo kwa lugha nyingi. Waliosoma kwa Kifaransa wanauweka Kifaransa, waliosoma kwa Kiingereza wanauweka Kiingereza, na wote wanagombana kwa Kiswahili.

Si mchezo wa mbio. Ni wa zamu, kama dama au bao: unafikiri, unasogeza watu wako, unamaliza, ndipo mwenzako anaanza. Kompyuta moja inatosha watu wawili au zaidi wakipokezana, na ndiyo maana unawafaa vijana wetu ambao ni wengi kuliko mashine. Uwanja umegawanywa vyumba vya pembe sita, kama sega la nyuki. Kila askari ana pointi za uhai, ana uzoefu unaoongezeka akipigana, na ana daraja. Kuna vijiji vinavyokupa dhahabu na kuwatibu watu wako. Kuna mchana na usiku, na wengine wanapata nguvu mchana, wengine usiku.

Ndani yake kuna visa vingi. Kimoja kinaitwa The Rise of Wesnoth. Humo mwana wa mfalme, Haldric, anawaongoza watu wake kukimbia kisiwa chao kwa meli baada ya kuvamiwa na maorki, waende kutafuta ardhi nyingine ng'ambo ya bahari. Tulipomsimulia yule mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na huko walikofika, walipokelewa?" Tukamwambia wenyeji wa misituni waliwawekea masharti kwanza. Akacheka. "Kama kawaida," akasema.

Sasa turudi kwenye ugomvi.

Sumu

Kuna orki mmoja anayerusha visu vyenye sumu. Ukichomwa, kila zamu yako ikianza unapoteza pointi 8 za uhai. Siku ya kwanza tuliyokaa pale, kijana mmoja alikuwa na askari aliyebakiwa na pointi 5, tena ana sumu mwilini. Tano kutoa nane, hata mtoto wa chekechea anajua. "Huyo ameshakufa," wenzake walimwambia, "mwache, peleka wengine mbele." Akamwacha msituni. Zamu ikaja, tukaangalia: askari yuko hai, ana pointi 1. Zamu nyingine, bado ana 1. Na nyingine, 1.

Kelele zilizopigwa hapo zilisikika mpaka kwenye foleni ya maji. Wengine walisema kompyuta imeharibika. Wengine walisema kijana amebonyeza kitu. Kumbe ndivyo sheria ilivyo: katika mchezo huu sumu peke yake haiui kamwe. Inakushusha mpaka pointi 1, inakuacha hapo, ikimngoja mtu mwingine aje akumalize. Anayemaliza ni upanga, au mshale, au jiwe.

Na kwenye matibabu kuna vituko zaidi. Askari mwenye sumu akiingia kijijini, zamu ya kwanza anaondolewa sumu tu, uhai hauongezeki hata kidogo. Zamu ya pili ndiyo anaanza kupata zile 8. Kijana asiyejua anamkimbiza mgonjwa wake kijijini, anaona bado ana pointi 1, anakasirika, anamtoa tena vitani! Tuliona kwa macho yetu. Halafu kuna waganga wa aina mbili. Mganga mkubwa anatoa sumu. Mganga mdogo, yule anayeongeza pointi 4, hawezi kuitoa. Anaizuia isifanye kazi kwa zamu ile tu ambayo mgonjwa amesimama karibu naye. Ukimwondoa mgonjwa hapo, sumu inaendelea kama kawaida. Na ukimweka katikati ya waganga wadogo wawili usidhani atapata 8. Atapata 4 zile zile. Mama mmoja anayefanya kazi zahanati aliposikia hilo alisema angependa kumwona aliyetunga sheria hiyo, kwa sababu yeye akiwa na mwenzake zamu ya usiku wagonjwa wanahudumiwa mara mbili. Hatukumbishia.

Mkulima

Hili ndilo lililowauma wazazi zaidi, na sisi pia.

Askari wa kawaida katika mchezo huu hahitaji kusimama juu ya njia ili aizibe. Vyumba vyote sita vinavyomzunguka viko chini yake: adui akiingia chumba kimoja kati ya hivyo, lazima asimame, safari yake ya zamu hiyo imekwisha. Vijana wakishajua hili wanajifunza kupanga ukuta wenye matundu. Unaweka askari mmoja, unaacha vyumba viwili vitupu, unaweka mwingine, unaacha viwili, unaweka wa tatu. Watu watatu wameziba vyumba saba, na hakuna apitaye kwa zamu moja, isipokuwa wale wepesi wachache wenye ujuzi wa kupenya.

Basi kijana mmoja, akitaka kubana matumizi ya dhahabu, alinunua wakulima. Mkulima ni rahisi, dhahabu 8 tu. Akawapanga vizuri, mmoja, matundu mawili, mmoja, matundu mawili, kama alivyofundishwa. Maorki wakaja, wakapita katikati yao bila hata kupunguza mwendo, wakaenda moja kwa moja kwa kiongozi wake. Wakulima wamesimama pale pale na majembe yao, hawajaguswa, wanaangalia.

Sababu ni kwamba mkulima ni wa daraja sifuri, na mtu wa daraja sifuri hana eneo. Chumba alichosimama ni chake, zaidi ya hapo hakuna. Hata kumuua hakuna faida kubwa: ukimuua wa daraja la kwanza unapata pointi 8 za uzoefu, la pili 16, lakini wa sifuri ni 4. Na kupigana naye tu, bila kumuua, hakukupi chochote.

Nyuma yetu siku hiyo alikuwa amesimama mzee mmoja aliyekuja kumchukua mjukuu wake. Tulidhani haangalii. Aliposikia maelezo alisema, "Hii ndiyo sheria ya kweli pekee niliyoiona humo ndani. Sisi kijijini kwetu tulikuwa mia na zaidi, na walipita katikati yetu." Hakuna aliyemjibu. Mjukuu akazima kioo, wakaondoka pamoja.

Tumeliandika hili kwa sababu yule mama aliyelalamika alikuwa na haki. Mchezo ni wa kuchora, maorki hawapo duniani, lakini kuna watu kambini ambao picha ya kijiji kinachochukuliwa inawarudisha mbali. Kuna kijana mmoja pale kituoni hachezi kabisa. Tangu mwanzo alisema hataki. Lakini kila Jumamosi yupo, kwa sababu yeye ndiye mwenye daftari.

Daftari

Daftari ni la kawaida, la kurasa 96, lina alama ya chai kwenye jalada. Lilianza siku ya ule ugomvi wa sumu. Kijana huyu alichoka na kelele, akasema: kuanzia leo, mtu akidai sheria fulani ipo, aionyeshe. Ionekane mara tatu, mbele ya mashahidi wawili, ndipo iandikwe. Isipoonekana, inakaa ukurasa wa nyuma, chini ya kichwa "Wanasema".

Kujaribu si kazi ngumu. Mchezo unakubali kuhifadhiwa mahali ulipofika. Unahifadhi, unajaribu jambo lako, likiharibika unafungua ulipohifadhi. Vijana wameshazoea kiasi kwamba wanapanga vita visivyo na maana yoyote, nguva mmoja dhidi ya orki mmoja mtoni, ili waone tu kitakachotokea. (Nguva akiwa kwenye maji mafupi, mapigo 4 kati ya 10 ndiyo yanayompata. Orki akisimama kwenye maji hayo hayo, ni 8 kati ya 10. Ni kosa la orki kuingia.)

Tulilisoma daftari lote. Mengine ni madogo: kwamba kiongozi anayewatia moyo wenzake hamsaidii aliye daraja moja naye, anawasaidia wa chini yake tu. Kwamba kumwita tena askari wako wa zamani mwanzoni mwa pambano jipya ni dhahabu 20, awe wa daraja la kwanza au la tatu, ila wa tatu atakula zaidi kila zamu. Kwamba ile maiti inayotembea, ikimuua mtu, mtu huyo anageuka maiti inayotembea kama yeye. Lakini akiuawa ndani ya kijiji hageuki. Hilo la mwisho wameliwekea nyota tatu, na tangu walijue hawapigani na maiti nje ya kijiji wakiweza kuepuka.

Mengine ni makubwa. Ukurasa wa tano umeandikwa kwa herufi kubwa: KUMPIGA KUNAMPONYA. Tulimwomba msichana aliyetushinda atueleze. Katika mchezo huu askari akijaza uzoefu wake anapanda daraja, na akipanda tu uhai wake wote unarudi kamili, sumu inamtoka, ni kama amezaliwa upya. Uzoefu haupatikani kwa kuua peke yake. Kila pambano linakupa pointi sawa na daraja la uliyepambana naye, hata kama hukumgusa, na hata kama aliyeanza ni yeye. Sasa chukua askari aliyebakiwa na pointi 3 za uhai, lakini amepungukiwa pointi 1 tu ya uzoefu. Sisi tulimwona, tukasema huyu ni wa kumaliza haraka. Tukampiga. Mapigo yetu yote yakakosa. Pambano likaisha, akapata pointi yake moja, akapanda, akawa mzima kabisa, mkubwa kuliko mwanzo, na amesimama mlangoni kwetu. Msichana hakuwa amefanya lolote. Alikuwa anakula muwa.

"Mlipaswa kumwacha," alituambia. Kwa adabu, tunakiri.

Nusu inarudi nyumbani

Kuna ukurasa mmoja ambao mwalimu wa hesabu angeupenda, na uligunduliwa na yule yule mwenye daftari, bila kucheza hata mara moja. Askari wa mchana wanaongezewa asilimia 25 ya nguvu mchana na kupunguziwa 25 usiku. Akachukua askari mwenye pigo la 6. Mchana, 6 na robo yake ni saba na nusu. Mchezo hauna nusu, kwa hiyo alitarajia 8, kama tunavyofundishwa shule kwamba nusu inapanda. Ikaja 7. Usiku, 6 kutoa robo yake ni nne na nusu. Alidhani basi mchezo unashusha nusu zote, itakuwa 4. Ikaja 5.

Alikaa nalo wiki nzima. Alituambia hata usiku alikuwa akilifikiria. Halafu akaona: nusu haipandi wala haishuki, inarudi kuelekea namba ilikotoka. Saba na nusu inarudi upande wa 6, inakuwa 7. Nne na nusu nayo inarudi upande wa 6, inakuwa 5. Ameandika pembeni kwa penseli, "Nusu inarudi nyumbani." Tulimwuliza kama kuna mtu alimwambia. Akasema hapana, alijaza jedwali la mapigo ya 1 mpaka 20, mchana na usiku, na jedwali likamwambia.

Je, kompyuta inaiba?

Hili ndilo shtaka kuu, na wazazi wengi mmelisikia. Kuna mzee mwenye ndevu anayerusha moto. Jina lake ni Mage, vijana wanamwita Mzee Moto. Yeye anarusha mara tatu, na kila mara ana nafasi 7 katika 10 za kupata, popote adui alipo. Kijana anamleta mbele kwa matumaini makubwa, anarusha, anakosa, anarusha, anakosa, anarusha, anakosa. Anasimama na kusema kompyuta ni mwizi.

Tulifanya hesabu hii pamoja nao, nanyi mnaweza kuifanya nyumbani. Weka kwenye kikopo maharage kumi: mekundu saba, meupe matatu. Bila kuangalia, toa moja, litazame, lirudishe, tikisa. Fanya hivyo mara tatu. Yote matatu yakitoka meupe, Mzee Moto amekosa. Nafasi ya kutoa jeupe ni 3 katika 10; mara mbili mfululizo ni 9 katika 100; mara tatu ni 27 katika 1000. Ni ndogo kweli. Lakini vijana wetu hawarushi mara moja. Katika mchezo mrefu wenye mashambulizi 40 ya Mzee Moto, uwezekano wa kuona balaa hilo angalau mara moja ni karibu theluthi mbili. Yaani usipoliona ndiyo ushangae kidogo.

Je, kijana aliridhika? Hakuridhika. Alisema maharage ni maharage na kompyuta ni kompyuta. Lakini alichukua kikopo, na dada yake ametuambia wiki nzima kilisikika kikitikiswa usiku, mpaka mama yao akaamua kuyapika.

Ukurasa wa "Wanasema"

Ukurasa huu wa nyuma ndio mrefu kuliko yote. Wanasema ukibonyeza kwa kidole cha kushoto unapata bahati. Wanasema kompyuta inamchukia anayecheza na Waelvi. Na juu kabisa, kwa wino wa rangi nyingine, wanasema kuna mchezo mwingine ambao Gandhi anarusha bomu la nyuklia.

Hili la Gandhi halitoki kambini. Limezunguka dunia nzima, na kwa kuwa tumelifuatilia acha tulieleze. Mchezo ni Civilization, ulioongozwa na Sid Meier na kutoka mwaka 1991, nao ni wa zamu pia. Unaongoza taifa tangu enzi za mawe mpaka enzi za roketi, na Gandhi ni kiongozi wa Wahindi. Uvumi unasema hivi: ukali wa Gandhi ulikuwa 1, mdogo kabisa. Taifa likiingia demokrasia, kila kiongozi anapunguziwa ukali 2. Moja kutoa mbili ni chini ya sifuri, na kwenye kisanduku kile cha kompyuta chini ya sifuri hakuna, kwa hiyo namba inazunguka mpaka juu, 255, kama mita ya pikipiki ya zamani ukiirudisha nyuma kupita sifuri inavyosoma tisa tupu. Basi mtu mpole kuliko wote akawa mkali kuliko wote.

Ni hadithi tamu sana. Ina hesabu ndani, ina kompyuta, ina kichekesho. Miaka ya 2010 ilienea mno, na watu waliapa kwamba waliiona wenyewe utotoni. Mwaka 2020 Sid Meier alitoa kitabu cha maisha yake, na humo alisema kosa hilo halikuwahi kuwepo. Kilichopo ni kwamba katika Civilization V, mchezo wa mwaka 2010, waliotengeneza walimpa Gandhi tabia ya kupenda mabomu ya nyuklia kwa makusudi, kwa utani. Kwa hiyo anayeucheza huo akiona bomu anasema, "Si tulisema!"

Kambini kwetu tunaufahamu uvumi wa namna hiyo, wenye namba na maelezo kamili kuliko hata tangazo lenyewe. Ni nani ambaye hajawahi kusikia siku na saa ya jambo ambalo halikutokea? Kijana wa daftari tulipomweleza habari ya Gandhi aliuliza swali moja tu: "Hao walioapa, walijaribu mara ngapi?"

Walichokubaliana wazazi

Jumamosi ya nne wazazi kama kumi walikuja, akiwemo yule mama wa kwanza. Hakukuwa na mkutano, walikaa tu na watoto wao, na wengine walipewa zamu. Mwishoni walikubaliana mambo machache na msimamizi wa kituo. Kila kundi ni saa moja. Wasichana wana zamu yao ya kwanza, kwa sababu tuliona wanasukumwa nyuma mpaka sola inaisha chaji. Mtoto anayeota vibaya usiku, au anayebadilika akitoka pale, asilazimishwe na asichekwe. Dama zipo, na daftari lipo. Na mzazi anayetaka kujua mtoto anafanya nini aje akae, kiti kipo. Mzee yule mwenye mjukuu bado hajarudi, ingawa mjukuu anakuja.

Yule mama mwenyewe alikaa na binti yake zaidi ya saa. Mara tatu alimwambia asimwache askari mgonjwa nyuma. Mara ya nne binti alimjibu, "Mama, hafi, ana pointi moja." Mama akasema, "Mrudishe." Binti akamrudisha kijijini, zamu mbili nzima, na kwa ajili hiyo akapoteza daraja la mto.

Kuhusu kama mchezo wa vita unafaa au haufai kwa watoto waliokimbia vita, wazazi hawakukubaliana, na sisi wa gazeti hatukubaliani wenyewe kwa wenyewe. Mmoja wetu hataki wa kwake wacheze. Mwingine wa kwake ni yule wa kikopo cha maharage.

Tulipokuwa tunaondoka tuliomba kuona ukurasa unaofuata wa daftari. Kichwa chake kimeandikwa na kupigiwa mstari, chini hakuna kitu bado: "Ukungu. Tukifunikwa na ukungu sisi hatumwoni adui. Je, kompyuta inatuona?" Pembeni kuna majina ya mashahidi wawili na neno Jumamosi.